Kahawa iliyokaangwa: akiba inayooza

Makala ya wiki: kutoka soko la viungo la Al Ras mjini Dubai, mazungumzo juu ya namna ya kuitunza kahawa nyumbani isipoteze harufu na ladha yake.

Waswahili husema akiba haiozi. Methali hiyo ina ukweli wake kwa fedha, na kwa nafaka iliyokauka barabara ikatiwa ghalani. Lakini imo akiba moja katika makabati ya jikoni ambayo huharibika kila siku bila ya kuota ukungu na bila ya mwenyewe kutambua. Akiba hiyo ni kahawa iliyokwisha kukaangwa. Mwenye nyumba huinunua kwa fedha nyingi na kuiweka kwa heshima ili imfae akija mgeni. Siku mgeni anapofika, humtilia kikombe chenye rangi ya kahawa na uchungu wa kahawa, ila harufu yenyewe imekwisha kwenda zake.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hilo ni Al Ras, mtaa mkongwe wa Deira mjini Dubai. Jina lake ni ndugu wa neno letu rasi, kwani mtaa huo umekaa kwenye ncha ya nchi kavu, pale hori la Dubai linapopinda karibu na kuingia baharini. Hapo ndipo ilipo Madrasa ya Al Ahmadiya, iliyoanzishwa mwaka 1912, na hapo ndipo lilipo soko la viungo. Tangu mwaka 2011 treni ya Njia ya Kijani ina kituo chake katika mtaa huo, lakini wengi bado huja kwa mashua za abra, wakivuka hori kutoka upande wa Bur Dubai.

Katika vichochoro vya soko hilo magunia hukaa wazi milangoni: iliki, mdalasini, ndimu kavu, waridi lililokaushwa, zafarani ndani ya visanduku, na ubani unaofukizwa ili kuwavuta wapita njia. Miongoni mwa magunia hayo imo kahawa. Ipo iliyo mbichi, ya rangi ya kijani iliyofifia. Ipo iliyokaangwa kidogo tu, ya rangi ya dhahabu, kama wapendavyo Waarabu wa Ghuba. Ipo pia iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi na kung'aa mafuta, na ipo iliyokwisha sagwa ikachanganywa na iliki.

Wafanyabiashara kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Kampala wanaofika Deira kutafuta bidhaa hupita hapo kabla ya kurudi makwao. Hali kadhalika hupita Waswahili wanaoishi na kufanya kazi katika Falme za Kiarabu. Huuliza bei ya kilo, kwa Kiarabu, kwa Kihindi au kwa Kiingereza cha sokoni. Huuliza kama bei inapungua. Huuliza kahawa imetoka Ethiopia, Yemen, India au Brazil. Swali moja ndilo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote: kahawa hii imekaangwa lini?

Buni si kahawa

Lugha ya Kiswahili imelirahisisha jambo hili, kwa kuwa ina maneno mawili pale ambapo lugha nyingine zina moja. Buni ni punje mbichi. Kahawa ni kile kinachopatikana baada ya moto. Tofauti ya majina hayo ni tofauti ya maisha mawili.

Buni ni mbegu, na mbegu imeumbwa kungoja. Ikiwa imekaushwa vizuri, hubaki na unyevu wa takriban asilimia 10 hadi 12. Katika hali hiyo, ndani ya gunia safi, mahali pakavu penye kivuli na hewa ya wastani, huweza kukaa miezi mingi, hata mwaka, bila ya kupoteza sehemu kubwa ya ubora wake. Ndiyo sababu buni iliweza kupanda ngamia na majahazi karne nyingi zilizopita, ikatoka Uhabeshi hadi Yemen, na kutoka bandari ya Mokha hadi kila pembe ya dunia.

Moto hubadilisha yote. Buni inapofikia joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, maji huiacha, punje huvimba na kupasuka kama bisi, sukari huungua kwa kiasi, na mamia ya viambato vya harufu huzaliwa. Kilo moja ya buni hutoa takriban gramu 850 za kahawa. Ndani ya punje hubaki hewa ya ukaa, ile ile inayotoa mapovu katika soda. Kwa siku kadhaa baada ya kukaangwa, punje huitoa hewa hiyo kidogo kidogo, na maadamu inatoka, huizuia kwa kiasi fulani hewa ya nje isiingie. Ni mlinzi wa mlangoni. Mlinzi huyo akiisha kuondoka, oksijeni huingia na kuanza kuyashambulia mafuta, ambayo katika kahawa ya arabika hufikia takriban asilimia 15 ya uzito wake. Mafuta hayo huchacha kama yanavyochacha mafuta ya nazi yaliyosahauliwa, na harufu nzuri hupotea.

Kwa hesabu ya jumla, kahawa iliyokaangwa ambayo bado ni punje nzima, na iliyofungwa vizuri, hupendeza kwa wiki mbili hadi nne. Ile iliyosagwa haina muda huo. Kusaga huivunja punje moja kuwa maelfu ya chembe, na kila chembe hupata uso wa kukutana na hewa. Sehemu kubwa ya harufu huweza kupotea katika siku chache tu. Anayenunua kilo nzima ya kahawa iliyosagwa kwa sababu imepunguzwa bei, amenunua vikombe vya wiki ya kwanza, na kilichobaki ni maji machungu.

Mji wenye joto na jikoni yenye watu wengi

Kanuni hizo ni za dunia nzima, lakini Al Ras inazifanya kuwa kali zaidi. Wakati wa kiangazi joto la Dubai hupita nyuzi 40, na kwa kuwa mtaa uko kando ya maji, usiku huja na unyevu unaolowesha nguo mwilini. Joto huharakisha kuchacha kwa mafuta. Unyevu huipa kahawa maji ambayo moto ulikuwa umeyatoa, na buni inayovuta maji mengi huweza kuota ukungu. Kipimo kinachotumika katika biashara ya kimataifa ni kwamba buni isizidi unyevu wa asilimia 12.5.

Wafanyabiashara wakubwa wanalijua hilo. Mwaka 2019 shirika la DMCC lilifungua kituo cha kahawa huko Jebel Ali, chenye maghala ambayo joto lake linadhibitiwa. Mpangaji wa chumba kimoja huko Deira hana ghala la namna hiyo. Ana kabati juu ya jiko, kiyoyozi kinachozimwa mchana watu wakiwa kazini, na mara nyingi jokofu moja analotumia pamoja na wenzake watano au sita, ndani yake mkiwa na samaki, vitunguu na mchuzi wa jana.

Yapo maadui wanne ambao watu wa kahawa duniani kote huwataja: hewa, unyevu, joto na mwanga. Kwa Al Ras ni lazima aongezwe wa tano, naye ni harufu ya jirani. Kahawa iliyokaangwa ina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na huvuta harufu yoyote iliyo karibu. Punje zilizokaa wiki kadhaa katika gunia wazi kati ya ubani na pilipili hurudi nyumbani na ubani na pilipili. Hapana ubaya kahawa kunywewa na iliki. Ubaya ni kuchaguliwa kiungo na gunia la jirani.

Namna ya kuitunza

Hatua ya kwanza huanzia dukani. Mnunuzi aombe kahawa kutoka katika chombo kilichofunikwa, siyo ile iliyokaa mlangoni ikipigwa na jua na vumbi. Aulize siku ya kukaangwa, na kama muuzaji hajui, jibu hilo nalo ni jibu. Kwa kahawa ya pakiti, tarehe ya mwisho wa matumizi haisaidii sana, kwa kuwa huweza kuwekwa mwaka mzima mbele. Tarehe ya kukaangwa ndiyo ya kutafutwa.

Hatua ya pili ni kiasi. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa kikombe kimoja kinahitaji gramu 10, na nyumba ina watu wawili wanaokunywa vikombe viwili kila mmoja kwa siku, basi matumizi ni gramu 40. Robo kilo itawatosha siku sita. Kilo moja itawachukua siku 25, na katika siku za mwisho watakuwa wakinywa kivuli. Robo kilo kila wiki ni bora kuliko kilo moja kila mwezi, hata kama kilo ina nafuu ya dirhamu chache.

Hatua ya tatu ni chombo. Kinachofaa ni kopo la bati, la chuma kisichoshika kutu au la kauri, lenye kifuniko kinachobana kwa mpira. Chupa ya kioo pia inafaa, mradi iwekwe ndani ya kabati lenye giza. Chombo kiwe cha ukubwa wa kahawa yenyewe, kwani kopo kubwa lenye kahawa kidogo chini yake limejaa adui wa kwanza. Baadhi ya mifuko ya kahawa huwa na kitundu kidogo chenye vali mbele yake. Ufundi huo ulibuniwa Italia katika miaka ya 1960, nao huiruhusu hewa ya ukaa itoke bila ya kuiacha hewa ya nje iingie. Mfuko wa namna hiyo usitupwe. Ukikunjwa vizuri na kubanwa, ni chombo kizuri kuliko makopo mengi.

Hatua ya nne ni mahali. Kabati la chini, mbali na jiko, mbali na dirisha, na siyo juu ya jokofu, kwa kuwa mashine yake hutoa joto usiku na mchana.

Na je, ndani ya jokofu? Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Jokofu lina unyevu na lina harufu, na kila linapofunguliwa katika mji kama Dubai, hewa ya joto huingia na kuacha umande juu ya kila kilicho baridi. Kahawa inayotolewa asubuhi na kurudishwa hulowa kidogo kila siku. Friza ni habari nyingine, ikiwa mtu atafuata masharti yake. Kahawa igawanywe katika vifuko vidogo vya matumizi ya wiki moja, hewa itolewe kadiri iwezekanavyo, na kila kifuko kifungwe kabisa. Kinapotolewa, kisifunguliwe mpaka kimefikia joto la chumba, na kikishafunguliwa kisirudishwe. Kwa njia hiyo, kahawa huweza kukaa miezi kadhaa bila ya kupotea sana.

Ama kahawa ya kuyeyuka, mfano wa Africafe ya Tanzania ambayo wasafiri wengi huibeba katika mizigo yao, ina adui mmoja mkubwa: kijiko chenye maji. Unga wake huvuta unyevu na kuganda kama jiwe. Kijiko kikavu na kifuniko kilichobana ndiyo dawa yake.

Walivyofanya wazee

Aliyesikiliza hadi hapa huenda akauliza: je, wazee wetu waliokuwa hawana makopo ya mpira wala friza, waliitunzaje? Jibu ni kwamba hawakuitunza. Waliitunza buni, na kahawa waliikaanga siku ya kuinywa.

Mwaka 2015 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, kwa ombi la Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Oman na Qatar. Katika desturi hiyo punje hukaangwa kidogo katika kikaango cha chuma mbele ya wageni, hutwangwa katika kinu cha shaba, kisha huchemshwa na kumiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Mlio wa mchi katika kinu ulikuwa tangazo la karamu. Na ulikuwa pia ushahidi: mgeni alijua kwa masikio yake kwamba kahawa imetwangwa sasa hivi.

Huko Ethiopia mama wa nyumba huikaanga buni mbele ya wageni, akawapitishia moshi wake wanuse, kisha akaipika katika chungu cha jebena kwa duru tatu, na ya mwisho huitwa baraka. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, muuza kahawa mwenye dele juu ya makaa na vikombe vinavyogongana mkononi huiuza akiba yake siku hiyo hiyo. Barazani hapana kahawa ya mwezi uliopita.

Wahaya wa Kagera, kwa upande wao, walipata njia ya peke yao. Matunda ya kahawa huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, kisha hutafunwa badala ya kunywewa. Mgeni hupewa punje chache kwa mkono kama ishara ya mapenzi. Kwa kuwa haikupitia kikaangoni, akiba hiyo hudumu muda mrefu.

Njia ya wazee inawezekana hata katika ghorofa ya Deira. Buni hupatikana katika soko la viungo. Kikaango kizito, moto wa wastani na mwiko usiopumzika hutosha kukaanga konzi mbili kwa dakika 10 hadi 15. Dirisha lifunguliwe, kwa maana moshi upo, na majengo mengi yana king'ora chake. Punje zikianza kulia kama bisi na kufikia rangi inayotakiwa, zimwagwe upesi juu ya ungo au sinia pana zipoe. Zisifungwe mara moja ndani ya chupa iliyobana kabisa, kwani hewa inayotoka ni nyingi. Zilale usiku mmoja, na asubuhi zisagwe zile tu zinazohitajika. Buni iliyobaki irudi katika mfuko wake safi, mahali pakavu, ikingoje zamu yake.

Nani anayepoteza

Huenda mtu akaona kwamba haya ni mambo ya anasa, ya watu wenye nafasi ya kunusa vikombe. Lakini kahawa ina mwenyewe kabla ya kufika kabatini. Mkahawa huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa vizuri. Zinahitajika kilo tano au sita za matunda mekundu, yaliyochumwa kwa mkono, kupata kilo moja ya buni. Mti mmoja katika shamba la mkulima mdogo wa Kilimanjaro au Mbeya mara nyingi hautoi hata kilo hiyo moja kwa mwaka mzima. Robo kilo inayomwagwa jalalani huko Dubai kwa kuwa imechuja, huenda ikawa ni mavuno ya msimu mzima ya mti mmoja.

Liko na jambo kubwa zaidi. Uganda, Ethiopia, Tanzania na Kenya huuza nje sehemu kubwa ya mazao yao yakiwa buni, na faida ya kukaanga hubaki kwa mnunuzi. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni hiyo hiyo iliyoelezwa: buni husubiri, kahawa haisubiri. Aliye karibu na mnywaji ndiye aliyezoea kukaanga.

Hata hivyo, kwa Ghuba umbali huo si mkubwa. Ndege kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe hufika Dubai kwa saa tano au sita. Pakiti iliyokaangwa Moshi au Kampala siku ya Jumatatu huweza kuwa mezani Al Ras kabla ya wiki kwisha, wakati pakiti iliyokaangwa Ulaya na kusafirishwa kwa meli huweza kuwa na miezi kadhaa tangu ione moto. Mnunuzi asiyeuliza tarehe huzitazama pakiti mbili hizo na kuchagua yenye rangi ya kupendeza. Mnunuzi anayeuliza huwapa wakaangaji wa Afrika Mashariki nafasi ambayo hakuna tangazo la biashara linaloweza kuwapa. Vivyo hivyo kwa anayetumiwa zawadi kutoka nyumbani: ndugu aombwe alete punje nzima badala ya unga, zilizokaangwa wiki ya safari, katika mifuko midogo badala ya mmoja mkubwa.

Basi, wapenzi wasikilizaji, yote yaliyosemwa yanakaa katika kiganja kimoja: iwekwe buni, ikaangwe kidogo, isagwe kidogo zaidi, na ifunikwe daima. Na atakayepita kesho katika soko la viungo la Al Ras, akishamaliza kuuliza bei na kupunguziwa, asiondoke bila ya kuuliza lile swali moja, imekaangwa lini. Muuzaji akiulizwa mara nyingi, ataanza kuiandika tarehe kwenye gunia.

Kwa maneno hayo, makala haya yanafikia tamati.